Siagi Iliyobaki

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Samahani, hatua ya tano imenishinda. Hiyo siagi iliyobaki ni ipi?"

Swali hilo nalijua. Nimeulizwa mara nyingi tangu nilipoiweka mtandaoni keki yangu ya limau, na kosa ni langu mwenyewe. Zamani nilikuwa naigawa siagi mafungu mawili: fungu kubwa nalikoroga na sukari, dogo naliyeyusha na kulimimina mwishoni. Baadaye nikaona fungu dogo halina kazi. Nikarudi kwenye mahitaji, nikajumlisha gramu zote mahali pamoja, nikafunga kompyuta nikiwa nimeridhika. Hatua ya tano sikuigusa. Ikabaki vilevile, inamwamuru mpishi aongeze "siagi iliyobaki" wakati siagi yote imeshaingia bakulini tangu hatua ya kwanza.

Nilishaanza kuandika jibu langu la siku zote, la kuomba radhi, ndipo nikaisoma sentensi ya pili ya ujumbe. "Nimeona na wewe una keki kama hii, nikafikiri huenda unajua."

Na wewe una keki kama hii!

Chini yake kulikuwa na kiungo cha tovuti ambayo sijawahi kuisikia. Nikaifungua. Picha ilikuwa yangu, na sahani ni ile iliyomeguka ukingo, ambayo nilijitahidi kuigeuza upande wa ukutani isionekane. Ukiikuza picha hiyo, kwenye mgongo wa kijiko utamwona mtu mdogo kama sisimizi ameshika simu. Mtu huyo ni mimi. Chini ya picha kulikuwa na utangulizi wangu wote, nilivyoeleza keki ilivyozama katikati mara tatu mpaka nikagundua kwamba kitufe cha joto cha oveni yangu kinadanganya. "Oveni yangu ni mwongo mkubwa," aliandika huyo ndugu nisiyemjua, kuhusu oveni asiyoijua. Kisha mahitaji, kisha hatua moja baada ya nyingine, na kwenye hatua ya tano ilikuwapo siagi iliyobaki, haijapungua hata herufi.

Sitaitaja tovuti hiyo. Nilichokiandika usiku ule pia sitakirudia hapa. Nashukuru tu kwamba sikukituma, kwa sababu nilitaka kwanza kukitia kifungu kimoja kizito cha sheria cha kufungia barua. Nikaanza kusoma nikitafuta fimbo, na kadiri nilivyosoma ndivyo fimbo ilivyozidi kuwa nyembamba.

Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna wazo lilivyoelezwa. Mkataba wa TRIPS, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unalisema hilo wazi katika ibara yake ya 9: ulinzi ni wa maelezo, hauendi kwenye mawazo, taratibu wala njia za kufanya mambo. Sasa resipi, ukiivua mapambo yote, ni nini kama si utaratibu? Pima hiki, koroga na kile, oka kwa nyuzi 180. Orodha ya mahitaji ndiyo kabisa. Gramu 200 za unga ni gramu 200 za unga, na anayetaka kuziandika baada yangu ataziandikaje tofauti?

Kesi inayotajwa sana katika jambo hili iliamuliwa mwaka 1996 na mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani iliyoko Chicago. Kampuni ya Meredith ilikuwa imetoa kitabu cha resipi zinazotumia mtindi wa Dannon. Mchapishaji mwingine, Publications International, akatoa machapisho yake yenye mapishi yanayofika palepale. Majaji walisema resipi zile, mojamoja, hazina ulinzi: kutaja vitu vinavyohitajika ni kutaja ukweli, na kueleza hatua ni kueleza utaratibu. Ila waliacha mlango mdogo wazi. Walisema wako waandishi wanaochanganya maelekezo na tafakuri zao juu ya upishi, au kumbukumbu zinazowajia harufu ya chakula inapopanda, na kwamba maandishi ya namna hiyo ni suala jingine.

Niruhusu nigeuke kidogo niwasemeshe wale wanaoandika kila siku, "Jamani, porojo zote hizi za nini, tupe resipi!" Nawaelewa, na kitufe cha kuruka hadi kwenye resipi nimewawekea. Lakini mjue kwamba porojo ndiyo mali yangu. Vipimo mnavyovikimbilia ni vya kila mtu.

Ladha nayo haina mwenyewe. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kule Luxembourg, iliulizwa kama ladha ya jibini fulani ya kupaka inaweza kuwa na hakimiliki, baada ya kampuni ya Uholanzi kulalamika kwamba mwenzake anauza jibini yenye ladha hiyohiyo. Jibu lilikuwa hapana. Ladha haiwezi kuainishwa kwa usahihi unaotakiwa na sheria, kwa kuwa inategemea anayeonja: umri wake, mazoea yake ya kula, hata mazingira aliyomo. Kitabu akisoma mtu mwingine maneno ni yaleyale, lakini kijiko hakimwambii kila mtu jambo moja.

Njia nyingine zipo, na nilizipima zote usiku huohuo. Hataza ni ya uvumbuzi mpya kabisa, na keki ya limau haiwezi hata kuiota. Siri ya biashara inawafaa watu kama Coca-Cola, ambao tangu 2011 fomula yao inakaa ndani ya sefu kwenye jumba lao la maonyesho mjini Atlanta. Siri hulindwa mradi imebaki siri. Yangu niliitangaza mwenyewe, tena nikawasihi watu waisambaze.

Nilikuta mahali pamoja tu ambapo ningeshinda. Athenaeus, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa ya 3, anamnukuu mwanahistoria Phylarchus kwamba huko Sybaris, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, mpishi aliyebuni chakula kipya alipewa mwaka mzima wa kukipika peke yake, wengine wakikatazwa. Sybaris uliharibiwa mwaka 510 kabla ya Kristo, kwa hiyo nimechelewa kidogo.

Basi nikachapisha ukurasa wangu kwenye karatasi, nikachukua kalamu mbili. Nyekundu ya kufuta kisicho changu, na ya kijani ya kupigia mstari kilicho changu. Mahitaji yote yakaenda na nyekundu. "Koroga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi": nyekundu, maana hiyo imeandikwa na kila aliyewahi kuoka keki. "Ongeza mayai moja baada ya jingine": nyekundu. Kwenye hatua ya tatu nilikuwa nimeandika, "Rojo likikatika kama maziwa yaliyolala nje, usiogope. Tia kijiko cha unga uendelee kukoroga kama mtu ambaye hajaona kitu." Hiyo nikaipigia kijani mara mbili. Utangulizi wote ukawa kijani. Picha nayo kijani, sahani iliyomeguka pamoja na sisimizi wake, tangu sekunde niliyobonyeza simu. Sikuhitaji kuisajili popote wala kuiwekea alama, kwa sababu Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, ambao mizizi yake ni ya mwaka 1886, unakataza haki hiyo kutegemea taratibu za namna hiyo. Wengi hawalijui hili. Wakiona picha haina alama wanadhani imetupwa barabarani.

Kalamu ikasimama kwenye hatua ya tano. Siagi iliyobaki ilikuwa yangu kuliko kitu chochote kwenye ukurasa ule, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu angeibuni. Mahakamani makosa ya namna hiyo ni ushahidi mzuri, maana mtu anaweza kufikia vipimo vyako kwa bahati lakini hawezi kukosea kosa lako kwa bahati. Tatizo ni kwamba ushahidi huo unaishia kuonyesha kwamba amenakili. Kama alichonakili ni utaratibu mtupu, kunakili si kosa.

Kwa hiyo nilikuwa na utangulizi, picha, na mzaha mmoja wa rojo. Vipimo nikajifariji kwamba, hata kama sheria haivitambui, kwa haki ya kawaida ni vya shangazi yangu, niliyemtaja kwenye blogu kwa heshima zote. "Resipi hii aliibuni shangazi," ndivyo nilivyoandika, "baada ya miaka ya kujaribu na kukosea." Nikampigia simu nimpe taarifa ya msiba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwema? Mbona usiku?"

Nikamweleza yote, picha, oveni, siagi. Nikamalizia kwa uchungu: "Yaani wameiba keki yako, shangazi."

Akanyamaza. Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja.

"Keki yangu? Ile ilikuwa nyuma ya pakiti ya unga. Nilikata lile karatasi nikalibandika kabatini. Mimi nilipunguza sukari tu, ilikuwa tamu mno."

"Na limau?"

"Limau ilikuwapo."

"Ila uliniambia..."

"Nilikwambia nimeipika miaka mingi. Hayo ya kubuni umeyatia wewe."

Hasira ya mtu aliyeibiwa ni tamu, na sipendi kuikatiza, lakini baada ya simu ile ilibidi niiache ipoe. Yule ndugu wa tovuti alikuwa amechukua picha na maneno yangu bila kunitaja. Mimi nilikuwa nimechukua vipimo vya mtu fulani ofisini kwa wasaga unga, mtu aliyelipwa kuoka keki kadhaa mpaka moja ikakubali, nikamvika sifa zake shangazi yangu bila hata kumuuliza. Kisheria yake ni kosa na yangu si kosa. Usiku ule tofauti hiyo haikunisaidia kulala.

Baadaye nilisoma kwamba niko kwenye ukoo mkubwa. Hannah Glasse, aliyetoa London mwaka 1747 kitabu cha mapishi kilichokuja kuwa maarufu sana, alikuwa na resipi 972, na watafiti wamezifuatilia 342 kati yake hadi kwenye vitabu vya wengine. Karne moja baadaye, mwaka 1845, Eliza Acton alifanya jambo ambalo leo tunalichukulia kama limekuwapo tangu dunia iumbwe: alitenga mahitaji na vipimo vyake kama orodha, mbali na maelezo ya kupika. Kila ukurasa wa mapishi unaoufungua leo kwenye simu una deni kwake. Waliomfuata walimnakili kwa mikono miwili, na katika dibaji ya toleo la 1855 alilalamika kwamba waandishi wenzake wamechukua sehemu kubwa za kitabu chake bila kumtaja. Ndiyo maana alianza kuziwekea resipi zake alama ya kwamba ni za mwandishi mwenyewe, huku akiomba asionekane mwenye majivuno. Nikamwonea huruma. Alibuni orodha ya mahitaji, kitu ambacho baadaye majaji wangesema hakina ulinzi.

Kuna kanuni moja inayozunguka miongoni mwetu tunaoandika mapishi: badilisha vitu vitatu, resipi inakuwa yako. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nilidhani iko kwenye kitabu cha sheria. Haiko. Vipimo havina mwenyewe hata usipobadilisha kitu, na aya ya mtu mwingine haiwi yako kwa kugeuza "koroga" kuwa "changanya" na "usiogope" kuwa "usihofu". Ukikaa na ukurasa wa mwenzako pembeni huku unabadilisha maneno moja moja, bado uko jikoni kwake.

Unaloweza kufanya ni kupika. Funga ukurasa, ingia jikoni, andika ulichokifanya kwa maneno yanayokuja wakati mikono ina unga. Maneno hayo yatatoka tofauti yenyewe. Halafu sema ulikoanzia. Wenye kazi hii wana ngazi zao za kusema: resipi imechukuliwa kwa fulani kama ilivyo, au imetoholewa kwake, au yeye ndiye aliyekupa wazo tu. Mahakama haikulazimishi kuandika hivyo kwa ajili ya vipimo. Kiswahili kimetupa neno moja kwa kinachotia chakula ladha na kwa kinachompeleka msomaji ukurasa mwingine, na kwangu mimi resipi isiyo na kiungo cha pili naihesabu kuwa imepungukiwa viungo.

Mambo yanayowatokea watu wengine yananionyesha kwamba kinachouma hasa si vipimo. Mwaka 2021 kampuni ya uchapishaji ya Bloomsbury ilikiondoa sokoni kitabu cha mapishi, miezi michache tu baada ya kukitoa, kufuatia malalamiko ya mwandishi mwingine kwamba resipi na maandishi ya kitabu chake cha 2012 yamenakiliwa au kugeuzwa maneno bila ridhaa yake. Kilichowashtua wasomaji walioviweka vitabu hivyo viwili kando kwa kando ni kumbukumbu za kifamilia, zile za mama na jikoni lake, kufanana mno. Gramu zinafanana kila siku wala hakuna anayeshtuka. Mama wa mtu hafanani na wa mwingine.

Na mwaka 2010 kulikuwa na jarida dogo la mapishi la Marekani, Cooks Source, lililochapisha makala ya mtu kuhusu historia ya pai ya tufaha bila kumwuliza. Alipolalamika, aliomba aombwe radhi na dola 130 zipelekwe kwenye shule ya uandishi wa habari ya Columbia. Mhariri akamjibu kwamba mambo ya mtandaoni ni mali ya umma, na kwamba yeye mwandishi ndiye angepaswa kushukuru kwa kuwa makala yake imehaririwa. Jibu hilo likasambaa, watu wakaanza kufukua kurasa nyingine za jarida, na kabla ya mwezi kwisha jarida likawa limefungwa. Nikilisoma jibu lile mpaka leo nasikia joto masikioni, ingawa mimi na pai ile hatujuani.

Siku hizi mambo yanazidi kuvurugika, maana programu za akili mnemba zinaweza kukutolea keki ya limau kwa sekunde chache, imesagwa kutoka kwa nani hakuna ajuaye. Kule hata kosa lako hulitambui tena.

Barua yangu ya mwisho ilikuwa fupi na kavu. Tovuti ile ilihifadhiwa na kampuni ya Marekani, ambako sheria ya DMCA ya mwaka 1998 inampa mwenye kazi njia ya kuomba kitu kiondolewe bila kwenda mahakamani. Unaonyesha kazi yako ilipo, unaonyesha nakala ilipo, unaweka mawasiliano yako na saini, unatamka kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi yale hayana ruhusa, na unathibitisha, ukijua kwamba kusema uongo hapo kuna adhabu, kwamba wewe ndiye mwenye haki au umetumwa naye. Tamko hilo la mwisho lilinifanya nirudie karatasi yangu ya kalamu mbili. Nilidai picha, nikadai utangulizi na sentensi ya rojo. Vipimo sikuvitaja.

Baada ya siku chache ukurasa ukatoweka, na baada ya siku chache nyingine ukarudi. Safari hii una picha ya keki yenye stroberi juu, tunda lisilotajwa popote kwenye mahitaji. Oveni mwongo hayupo. Maneno yamebadilishwa yote, na nilipofika hatua ya tano nikakuta wamehangaika nayo kweli: "Malizia kwa kumimina kiasi cha siagi kilichosalia."

Nikaenda kwenye ukurasa wangu. Juu, mahali palipokuwa na miaka ya kujaribu na kukosea, nimeandika kwamba vipimo vinatoka nyuma ya pakiti ya unga na sukari ilipunguzwa na shangazi. Alipousoma alinitumia ujumbe kwamba sasa hivi ndivyo. Na hatua ya tano nikaifuta.

Haikupita wiki nikapata ujumbe kutoka kwa msomaji wa siku nyingi. "Mbona siagi iliyobaki umeiondoa? Mimi huwa nayeyusha gramu 30 za ziada, nachanganya na maji ya limau, namwagia keki ikiwa bado moto. Nilidhani ndivyo unavyomaanisha. Je, naweza kuiandika kwangu?"

Ameiandika. Juu kabisa ameweka kwamba imetoholewa kwangu, na jina la blogu yangu, limekosewa herufi moja.